“Załatwić” la Kipolandi: kumaliza, kumalizia na kujisaidia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi kutoka Tanzania, niko Łódź nasoma mwaka wa maandalizi ya lugha kabla ya kuanza chuo. Neno “załatwić” linanichanganya. Kamusi inaniambia ni “kushughulikia”, basi. Lakini mwenye nyumba, nilipomlalamikia kwamba kipasha joto hakifanyi kazi, alinijibu “ja to pani załatwię”, na sijui kama aliahidi au alinifukuza kistaarabu. Kisha ikaja barua ya kuhusu nafasi ya hosteli: “podanie załatwiono odmownie”. Nilivyoona “załatwiono” nikafurahi, rafiki yangu akaniambia nisifurahi. Na juzi, kwenye ofisi ya vibali, nilisema “muszę się załatwić”, dada wa dirishani akaninyooshea kidole mlango wa choo. Neno hili maana yake hasa nini, na nilitumieje?

JIBU: Marahaba. Tuanze na huyo dada wa dirishani, maana yeye hakukosea wala hakukudhihaki. Ulimwambia kwa Kipolandi sanifu kabisa kwamba umebanwa na haja, naye akakuonyesha pa kwenda. “Załatwić” peke yake ni neno la heshima la ofisini. Ukilibandika kineno “się”, ambacho hukirudisha kitendo kwa mtendaji mwenyewe, linakwenda chooni. Usiwashangae Wapolandi, kwa sababu sisi tumefanya hivyohivyo. “Kusaidia” ni tendo jema; chomeka “ji” katikati uone linakwenda wapi. Mgeni anayejifunza Kiswahili akialikwa chakula Tanga, akasema mbele ya wakwe “ngoja nijisaidie” akimaanisha atajipakulia mwenyewe, atapelekwa kulekule ulikopelekwa wewe. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni nyepesi: unapozungumzia jambo lako la ofisini, usiweke “się” baada ya “muszę”. Sema “muszę załatwić” kisha utaje kitu: “muszę załatwić jedną sprawę”, nina jambo moja la kumaliza. Ukikuta mtu na mbwa wake bustanini akisema “już się załatwił”, hapo hakuna ofisi wala kibali.

Matamshi kidogo, halafu tuingie ndani. Herufi “ł” ni “w” yetu, na “w” ya Kipolandi ni “v”, lakini ikikaa nyuma ya “t” inageuka “f”. Kwa hiyo unatamka kama “zawatfich”, “ch” ya mwisho ikiwa laini, ulimi ukigusa juu mbele. Mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na Kiswahili. Hapa umepewa zawadi ambayo wanafunzi wa Kirusi wanaililia. Mzizi wake ni “łatwy”, yaani rahisi. Kwa asili basi ni kukifanya kitu kiwe chepesi, kukitoa kwenye uzito wake.

Na hapo ndipo kamusi yako ilipokupunja. “Kushughulikia” kwetu ni kuwa katikati ya pilika. “Załatwić” linatazama upande wa pili: pilika zimekwisha, mzigo umetuliwa. Halikuambii kitendo gani kilifanyika. Mtu anaweza kuwa ameandika barua, amepiga simu, amelipa ada, amebembeleza, amepanga foleni toka asubuhi, na yote hayo yakaingia kwenye neno moja. Kwa Kiswahili nalitafsiri “kumaliza” mara nyingi zaidi kuliko “kushughulikia”, na nitakuonyesha kwa nini “kumaliza” linafuatana nalo mpaka kwenye vichochoro vyake vya giza.

Rafiki yake wa karibu ni “sprawa”: jambo, shauri, kesi, shida. Mpolandi akikujia na kusema “mam do ciebie sprawę”, tafsiri yake safi kabisa ni ile yetu ya “nina shida na wewe”. Hana ugomvi nawe. Anataka umsaidie kitu, na pengine ni kukopa baiskeli tu. Ukishamkubalia na kukifanya, unamjibu “załatwione”. Vijana wa Dar wangesema “imeisha hiyo”. Neno hilo moja linatosha kuwa sentensi nzima kwenye simu, na ni zuri kulijua mapema kwa sababu linakufanya usikike kama mtu wa pale.

Sasa mwenye nyumba wako. “Ja to pani załatwię.” Aliahidi. Alisema: mimi hilo nitakumalizia. Nimesema “nitakumalizia”, sikusema “nitakumaliza”, na tofauti ya haya mawili ndiyo somo lenyewe.

Kiswahili kina kauli ya kutendea. Ukimwambia mtu “nitakumalizia kazi yako”, unamfanyia hisani. Ukimwambia “nitakumaliza”, aende polisi. Silabi ndogo katikati ya kitenzi ndiyo inayotofautisha msaada na kitisho. Kipolandi hakina kauli hiyo ndani ya kitenzi. Kazi yote inabebwa na umbo la nomino au kiwakilishi kinachotajwa. Anayefanyiwa huwekwa kwenye umbo ambalo mwalimu wako wa sarufi analiita “celownik”. Anayefanywa huwekwa kwenye “biernik”. Kwa hiyo “załatwię ci to” ni nitakumalizia hilo, na “załatwię cię” ni nitakukomesha. Unapoisikia barabarani, usitafute ile sauti ya puani uliyofundishwa kwenye “ę”, kwa kuwa mwishoni mwa neno watu wengi hawaitoi. Unachosikia ni “chi” dhidi ya “chie”. Irabu moja.

Kwa mtu wa kuheshimiwa ni “załatwię panu” kwa mwanamume na “załatwię pani” kwa mwanamke, hiyo ndiyo hisani. “Załatwię pana” na “załatwię panią” ni yule mtu mwenyewe ndiye anayetendwa. Sikwambii uogope kila ukiisikia hii ya pili. Karani aliyezidiwa na foleni anaweza kusema “zaraz panią załatwię”, akimaanisha atakuhudumia sasa hivi, atakumaliza wewe ili amwite mwingine. Kuna Wapolandi wanaoicheka sentensi hiyo wenyewe kwa sababu wanasikia maana zote mbili kwa pamoja. Wewe kama mgeni kaa upande salama: ukimzungumzia mteja, tumia “obsłużyć”, kuhudumia, na “załatwić” uliachie mambo na vitu.

Upande wa giza nao ujue, kwa sababu utausikia kila siku kwenye mazungumzo ya kawaida. “Ale mnie załatwił!” ni yule jamaa kanifanyizia kweli, kaniweza. Timu ikipigwa vibaya, imekuwa “załatwiona”. Ukipenda chumvi, ongeza “na cacy”: “załatwił mnie na cacy”, kanimaliza kabisa kabisa. Kwenye filamu za majambazi “załatwić kogoś” ni kuua. Unaona? Kumaliza jambo, kummalizia mtu jambo, kummaliza mtu: lugha mbili zisizo na undugu wowote, zimepita njia ileile.

Jambo jingine linalowaponza Waswahili ni kwamba neno hili lipo mara mbili: “załatwić” na “załatwiać”. La kwanza ni “dokonany”, tendo lililofika mwisho wake. La pili ni “niedokonany”, tendo likiwa njiani au likijirudia. Wanafunzi huyaona kama tofauti ya tahajia. Ofisini ni tofauti ya kulala na kukesha. Karani akisema “załatwiamy”, amekuambia lile neno ulilolikimbia nyumbani: “tunalishughulikia”. Hajakuahidi kitu. Hapo ndipo kamusi yako ingekuwa sahihi, kwa “załatwiać” tu. Akisema “załatwimy”, anasema litakwisha, na kwa kuwa kitenzi cha “dokonany” hakina wakati uliopo, umbo hilo linaloonekana kama la sasa daima ni la wakati ujao. “Załatwię” si “ninamaliza”, ni “nitamaliza”.

Wakati uliopita ndio mtamu zaidi. Mwanamke akisema “załatwiałam to trzy tygodnie”, anakueleza mateso: wiki tatu nilikuwa nahangaika nalo, nenda rudi, na kama lilikwisha au halikwisha hajasema. Akisema “załatwiłam to w trzy tygodnie”, amelimaliza ndani ya wiki tatu na anajisifu. Angalia pia kale ka “w” kabla ya “trzy” kalikoingia pamoja na ushindi. Mwanamume angesema “załatwiałem” na “załatwiłem”. Ukikanusha, kitu kinachotajwa kinabadilika mwisho wake: “załatwiłam sprawę”, lakini “nie załatwiłam sprawy”. Hilo utalizoea kwa kusikia, usilipigie kelele sasa.

Mwenye nyumba wako, basi, alitumia “załatwię”, umbo la kumaliza. Ni ahadi, na una haki ya kumwuliza siku: “Kiedy pan to załatwi?” Swali hilo halina ukali wowote. Angekujibu “coś się załatwi”, hapo ningekushauri ununue blanketi. Umbo hilo halina mtu: kitu fulani kitafanyika, na nani, haijulikani. (Na ndiyo, hilo “się” hapo halihusiani na choo, kwa sababu kinachotajwa ni “coś”, kitu. Mtendaji anayetajwa akiwa mtu au mnyama, ndipo linapokwenda chooni.) Ndugu yake ni “da się załatwić”, yaani inawezekana, jambo hilo lina njia yake, na “nie da się”, ambalo utalisikia mara nyingi kuliko unavyopenda.

Barua ya hosteli. Hapa rafiki yako alikuwa sahihi, na pole. “Podanie” ni ombi, “załatwiono” ni limeshughulikiwa hadi mwisho, na “odmownie” ni kwa kukataa. Limemalizwa kwa kukataliwa. Mtu anayejua “załatwić” la mitaani husikia ushindi ndani yake, kwa sababu mitaani ukisema “załatwiłem” umepata ulichokitaka. Kipolandi cha serikali hakina hisia hiyo. Kwa ofisi, jambo limekwisha pale faili linapofungwa, uwe umepewa au umenyimwa. Ndiyo maana lazima usome neno linalofuata: “pozytywnie” ni kheri, “odmownie” au “negatywnie” ni kinyume chake. Pengine utakuta “rozpatrzono” badala ya “załatwiono”. Hilo ni limepitiwa na kuamuliwa, nalo halina upande mpaka neno la pembeni likuambie.

Ukitaka kuona jinsi neno hili lilivyokaa kwenye mifupa ya dola ya Polandi, fungua sheria ya mwenendo wa kiutawala, Kodeks postępowania administracyjnego, ya tarehe 14 Juni 1960, ambayo imerekebishwa mara nyingi lakini inatumika mpaka leo. Kifungu cha 35 kinaanza hivi: “Organy administracji publicznej obowiązane są załatwiać sprawy bez zbędnej zwłoki.” Ofisi za umma zina wajibu wa kuyashughulikia mambo bila ucheleweshaji usio wa lazima. Ni “załatwiać”, kwa kuwa ni wajibu wa kila siku, unaojirudia. Mbele kidogo, sheria inapotaja muda, inageukia nomino “załatwienie”: jambo linalohitaji uchunguzi limalizwe kabla ya mwezi mmoja kupita, na lililo gumu hasa kabla ya miezi miwili. Kifungu cha 36 kinaitaka ofisi iliyochelewa ikuarifu, ikupe sababu na tarehe mpya. Vibali vya ukaazi vina taratibu zake za ziada kwenye sheria ya wageni, kwa hiyo usiende na kifungu cha 35 mkononi ukidhani utatoka na kadi siku hiyo. Lakini barua yenye maneno “sprawa nie może być załatwiona w terminie” sasa unaielewa: haijakataliwa, haijakubaliwa, muda umewapita.

Kwenye barua yako mwenyewe, shuka hadi chini utafute neno “Pouczenie”. Ni maelezo ya haki zako: unaweza kukata rufaa, “odwołanie”, kwa nani na ndani ya siku ngapi. Katika maamuzi ya kiutawala ya kawaida ni siku 14 tangu ulipopokea. Hosteli za vyuo zina kanuni zake, kwa hiyo fuata kilichoandikwa pale. Fanya leo, ile furaha ya mwanzo imeshakula siku zako kadhaa.

Hujaniuliza habari ya kujuana, lakini ukikaa Polandi utaikuta, na bila hiyo hulielewi neno hili. Ukimsikia mtu akisema “znalazł pracę”, amepata kazi. Akisema “wujek załatwił mu pracę”, mjomba kamfanyia mpango. Kiswahili cha mjini kingesema kapigiwa mchongo. Hakuna rushwa iliyotajwa, na huenda haipo. “Łapówka” ndiyo hongo, na ni neno zito linalosemwa kwa sauti nyingine. Katikati ya kutafuta na kuhonga kuna eneo pana, la simu ya rafiki wa dada, na “załatwić” linatawala eneo hilo lote. “Po znajomości” ni kwa kujuana. Mwenye watu wa kumbeba “ma plecy”, ana migongo. Mtu akisema mwenzake “załatwił sobie zwolnienie”, amejipatia ruhusa ya ugonjwa, msikilizaji tayari anashuku kwamba ugonjwa wenyewe haukuwepo.

Harufu hiyo ilikolea wakati wa Jamhuri ya Watu, chini ya Wakomunisti. Dukani kulikuwa na rafu na muuzaji; bidhaa ni bahati. Sukari iliwekwa kwenye kadi za mgawo mwaka 1976, nyama mwaka 1981, na kadi za nyama zilidumu hadi 1989. Watu hawakusema “nimenunua” viatu au friji; kununua kulihitaji kitu kiwepo. Walisema “załatwiłem”: nilimjua mtu, mtu alimjua mwenye duka, kitu kikatoka “spod lady”, chini ya kaunta. Wazazi wako, kama walipanga foleni ya sukari na sabuni Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataelewa bila maelezo, pamoja na ile fahari ndogo ya mtu anayerudi nyumbani na kifurushi ambacho jirani hana. Siku hizi rafu zimejaa, lakini kitenzi kimebaki na fahari yake. Ndiyo maana Mpolandi wa makamo akikuambia “załatwię ci”, mara nyingi uso wake unachangamka. Anakupa mtandao wake, anakuchukua kama mtu wake. Ukimjibu kwamba utajitafutia mwenyewe kwenye intaneti, atakubali, ila umemnyima raha.

Kijana wa Łódź wa umri wako halitumii kwa uzito huo. Kwake “załatwić bilety” ni kupata tiketi tu, na “załatwiam parę spraw na mieście” ni nina vijishughuli mjini. Usipime kila sentensi kwa historia. Pima kwa umri wa msemaji na kwa kitu kinachotajwa. Tiketi, viza, “formalności”: hakuna shaka. Kazi, cheti cha daktari, nafasi ya mtoto shuleni: tega sikio.

Mwisho, dirishani useme nini. Ushauri wangu unaweza kukushangaza: dirishani usilitumie sana. Litumie kuelewa. Karani ndiye atakayekuuliza “co chciałaby pani załatwić?”, na hapo jibu zuri ni kitenzi kilicho wazi kuliko swali lake, kwa sababu “załatwić” halimwambii hatua gani unaitaka. Anza na “Dzień dobry, przyszłam w sprawie karty pobytu”, nimekuja kwa ajili ya kadi ya ukaazi. Kisha taja tendo: “chciałabym złożyć wniosek” ukiwa unawasilisha maombi, “chciałabym odebrać kartę” ukija kuichukua, “chciałabym uzupełnić dokumenty” ukiwa umeitwa kupeleka karatasi iliyopungua. Hilo la tatu ndilo utakalolitumia kuliko yote. Kuna karatasi inayopungua karibu kila safari. Ukipewa jibu la kuzunguka, uliza “czy da się to załatwić dzisiaj?”, inawezekana kumalizwa leo? Hapo neno linakaa mahali pake, na akikujibu “od ręki”, yaani papo hapo, vua koti ukae, maana jambo lako linamalizwa siku hiyohiyo.